Gunia la Bunga: Mambo ya Zambia na Sahani Zetu



Kwa namba hii ya gazeti letu, sisi wakubwa wa wanafunzi tuliombwa kuandika somo la uraia. Kwanza tulitaka kuandika juu ya usafi wa nyumba za kulala. Lakini kila mutu anajua namna gani sahani ziligongwa katika chumba cha kulia Jumatatu ile jioni, na namna gani kufuli la stoo lilivunjwa usiku. Kuandika juu ya ufagio nyuma ya mambo kama yale ingekuwa kujifanya vipofu. Basi tulikwenda kwa mwalimu wetu wa historia kumuuliza: kwa nini watu wanainuka wakati bei inapanda, na kwa nini mara zingine wanatulia? Alitujibu: "Anzeni na majirani. Someni mambo ya Zambia." Tulisoma wiki mbili, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Zambia ni inchi ambayo sisi wa Katanga tunaijua kwa tumbo. Ukitoka Lubumbashi unafika Kasumbalesa, ukivuka mupaka uko Chililabombwe, kisha Chingola, kisha Kitwe. Balamba na Babemba wako pande zote mbili. Wao wanachimba shaba, sisi tunachimba shaba. Wao wanasema bwali, sisi tunasema bukari, na ni kitu kimoja ndani ya sahani. Na bunga nyingi ambayo mama zetu wanapima kwa meka sokoni inatoka kule. Kila mara serikali yao inapofunga njia ya mahindi, mama zetu wanaijua habari mbele ya redio.

Sasa tuanze. Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964. Siku zile bei ya shaba ilikuwa nzuri, na shaba peke yake ilileta zaidi ya sehemu 90 kwa 100 za feza ambayo inchi ilipata kwa kuuza vitu inje. Serikali ya Rais Kenneth Kaunda ilijenga mashule na hospitali, na watoto wengi waliingia masomo ambao wazazi wao hawakujua hata kuandika jina. Tena serikali ilitaka mufanyakazi wa muji ashibe kwa mushahara wake. Kwa hiyo ilishika bei ya bunga isipande.

Kushika bei ni kufanya nini? Hapa wengi wetu tulikuwa tunachanganya, basi tuchukue mufano wa namba ndogo, si bei ya kweli. Kununua mahindi kwa mulimaji, kuyapeleka muji na kuyasaga kunakula 10. Serikali inasema: muuze kwa 6. Ile 4 inayobakia haipotei hewani. Serikali inailipa yenyewe. Ndiyo inaitwa msaada wa bei, ama ruzuku kama Watanzania wanavyosema. Mama wa Ndola anaona bunga ni 6 na anafikiri kama bunga ni kitu cha 6. Hakuna mutu aliyemuonyesha ile 4.

Shaba ikiwa na bei, 4 inapatikana. Lakini mwaka wa 1973 mafuta ya petroli yalipanda bei sana katika dunia yote, na kufika 1975 bei ya shaba ilikuwa imeanguka. Feza ya kuingia ilipunguka, na msaada wa bei ulibakia pale pale, tena uliongezeka sababu watu wa miji waliongezeka. Serikali ilikopa. Mwaka nyuma ya mwaka ilikopa.

Neno moja la kando, na wazee wetu watusamehe. Bunga ya Zambia ikiwa ya bei ndogo kwa nguvu ya serikali, na hapa kwetu bei iko juu, magunia yatafanya nini? Yatatembea usiku. Katika miaka ile ya Zaire, bunga nyingi ilivushwa kwa njia za pori, juu ya baiskeli na juu ya vichwa. Ni kusema, wazee wetu walikula msaada wa Kaunda miaka mingi bila kumwambia asante. Tunacheka, lakini ni jambo la kufikiri: msaada uliowekwa kwa masikini wa Kitwe ulishibisha hata tajiri wa Lubumbashi aliyekuwa na lori.

Deni lilipokuwa kubwa, Shirika la Feza la Ulimwengu, lile watu wanaita FMI, lilikuja na masharti yake. Mwezi wa Oktoba 1985 serikali ilianza kuuza dola kwa mnada. Mbele ya mnada, dola moja ilikuwa kwacha 2 na kidogo. Siku ya kwanza tu ilifika 5, na mbele ya mwisho wa 1986 ilikuwa imepita 10. Sabuni, mafuta, nguo, vipuri vya mashini, vyote vilivyotoka inje vilipanda. Tena FMI ilisema: punguzeni msaada wa bunga.

Mambo ya Desemba 1986 tutayaeleza polepole, sababu hapa ndipo somo lenyewe liko.

Serikali ilitafuta njia ya katikati. Katika Zambia kuna bunga ya namna mbili. Kuna brekfasti, nyeupe na laini, na kuna rola, iliyobakia na pumba, ya bei ndogo. Wakubwa walifikiri hivi: brekfasti ni ya wenye feza, tuondoe msaada wake. Rola ni ya masikini, tumuachie msaada wake. Ukisoma hivi kwenye karatasi unaona ni haki kabisa. Hata sisi tuliposoma mara ya kwanza tulisema: kosa liko wapi?

Kosa lilikuwa kwenye mashini ya kusaga. Bei ya brekfasti ilipanda kwa 120 kwa 100, ni kusema kitu cha 100 kilikuwa cha 220. Wenye mashini waliona kama wakisaga rola, watangojea serikali iwalipe ile sehemu yake, na hawakuwa na hakika kama feza itafika. Wakisaga brekfasti, mwenye kununua analipa yote pale pale. Wewe ungesaga gani? Basi rola ilipotea madukani. Bunga ya masikini ilikuwa ndani ya tangazo la serikali, na juu ya meza ya duka kulikuwa brekfasti ya bei mupya tu. Mama aliyetoka nyumbani na feza ya rola alirudi na mufuko mutupu.

Fujo ilianza katika miji ya shaba: Kitwe, Ndola, Mufulira, Kalulushi, na miji mingine karibu nayo. Watu walivunja maduka na kubeba vitu. Polisi na askari walipiga risasi. Watu 15 walikufa. Serikali ilikataza watu kutembea usiku. Tarehe 11 Desemba, Kaunda alisema mbele ya inchi yote kama bei ya zamani inarudi, na nyuma yake serikali ilikamata mashini kubwa za kusaga zikawa mali yake.

Tulibishana sana juu ya ukurasa huu. Mumoja wetu alisema: "Munaona? Walivunja, na bei ilirudi. Mbele ya kuvunja nani aliwasikiliza?" Hatukupata jibu rahisi la kumpa. Ni kweli bei ilirudi. Lakini tuangalie vilevile ni duka gani lilivunjwa. Wakubwa wa Lusaka hawakununua bunga katika duka la mutaa wa Kitwe. Duka lile ni la mutu wa mutaa, na kesho yake alilikuta tupu. Na wale 15 hawakurudi pamoja na bei. Tena ile 4 ya mufano wetu haikulipwa na moto. Deni lilibakia. Tarehe 1 Mei 1987 Kaunda alitangaza kama Zambia inaachana na mupango wa FMI, na kama itatoa kwa deni sehemu 10 tu kwa 100 za feza inayoingia kwa kuuza inje. Wengi walimushangilia. Kufika 1989 alikuwa amerudi kuongea na FMI ile ile.

Tunataka kusema neno juu ya mugomo, sababu hapa shuleni watu wanaita kila kelele mugomo. Mugomo si kuvunja kufuli. Mufanyakazi anayegoma anaweka chombo chini, anasema kitu anachotaka, na anajulikana ni nani wa kuongea naye. Wafanyakazi wa Zambia walikuwa na sendika yao kubwa, na mukubwa wake tangu 1974 aliitwa Frederick Chiluba. Mwaka wa 1981, nyuma ya migomo katika machimbo, Kaunda alimutia Chiluba katika gereza pamoja na wenzake, na tribinali iliwafungua miezi michache baadaye. Tunaona hapa kosa moja kubwa la serikali ile: ukifunga mutu anayejua kuongea kwa ajili ya wengi, utabakia na wengi wasio na wa kuwasemea. Mwaka wa 1986 hakuna sendika iliyowaita watu kuvunja maduka. Walitoka wenyewe, na serikali haikuwa na mutu wa kukaa naye mezani.

Wala tusidanganye wadogo wetu kama ukigoma kwa utaratibu hutapata hatari. Hapa hapa Lubumbashi, mwezi wa Desemba 1941, wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma. Vita ya Ulaya ilikuwa imepandisha bei ya vitu, na mushahara wao haukufuata. Walikuwa na neno la kusema, na walikusanyika katika uwanja wa mupira wapate jibu. Jibu walilopata tarehe 9 Desemba ni risasi. Mababu wa wengine kati yetu walikuwa katika kazi ile.

Turudi Zambia. Mwezi wa Juni 1990 bei ya bunga ilipandishwa tena, zaidi ya mara mbili kwa siku moja. Tarehe 25 Juni wanafunzi wa Chuo Kikuu walishuka barabarani Lusaka, na watu wa mitaa ya masikini waliwafuata. Kwa siku chache watu zaidi ya 20 walikufa. Alfajiri ya tarehe 30 Juni, luteni mumoja, Mwamba Luchembe, aliingia katika nyumba ya redio na kutangaza kama Kaunda ameondolewa. Haikuwa kweli, na nyuma ya masaa machache alikamatwa. Lakini katika masaa yale watu walitoka inje wakicheza na kuimba. Kaunda, baba wa uhuru, mwenye kupendwa hivi mwaka wa 1964, aliona watu wake wanacheza sababu wamesikia kama ameanguka.

Safari hii watu hawakusema bunga tu. Chama cha UNIP kilikuwa peke yake katika inchi tangu mwisho wa 1972, na watu walianza kusema: tunataka kuchagua. Mwezi wa Julai 1990 kulizaliwa mwendo wa MMD, na Chiluba wa sendika alikuwa mukubwa wake baadaye. Makanisa nayo hayakunyamaza. Maaskofu Wakatoliki waliandika barua juu ya uchumi na haki katika mwezi ule ule, na mwaka wa 1991, wakati Kaunda na Chiluba walikataa kuonana, ni katika kanisa kubwa la Waanglikana la Lusaka walikutana. Tarehe 31 Oktoba 1991 watu walipiga kura. Chiluba alipata karibu kura tatu kwa kila nne. Kaunda alikubali kama ameshindwa, akatoka katika nyumba ya serikali kwa amani, na jambo hili tunamuheshimu nalo sana.

Sasa ni hapa tulishangaa. Serikali mupya ya Chiluba ilifanya nini? Iliondoa msaada wa bunga. Miezi michache tu nyuma ya uchaguzi, bei ilipanda tena zaidi ya mara mbili. Ni bunga ile ile, miji ile ile ya Kitwe na Ndola, watu wale wale wenye mufuko mutupu. Na hakuna duka lililovunjwa. Hakuna mutu aliyekufa barabarani.

Kwa nini? Hatukubali kama njaa yao ilikuwa ndogo. Tunafikiri ni hivi: katika kampeni, watu wa MMD hawakuficha kama siku ngumu zinakuja. Walisema mbele ya kura, si nyuma yake. Watu walisikia, wakachagua. Hata bei ilipopanda walisema: ni sisi tuliowaweka, tuwape muda. Mwaka wa 1986 na 1990 bei ilianguka juu ya watu kama tawi la muti usiku. Tena watu walijua kama wale walioamua hawasimami katika mustari wa bunga.

Uvumilivu ule haukuwa wa bure wala wa milele. Miaka iliyofuata, wakati machimbo yaliuzwa kwa makampuni ya watu binafsi, wafanyakazi wengi walipoteza kazi, na wengi walijuta. Hatuandiki haya kumutukuza Chiluba. Tunaandika sababu bei ile ile ilileta moto mara mbili na kimya mara moja, na mutu anayesema kama njaa peke yake ndiyo inavunja maduka hajaangalia vizuri.

Basi sasa tuje kwetu, na hapa inatupasa kusema ukweli juu yetu wenyewe.

Feza ya interna inapangwa mwezi wa tisa. Bwana Ekonome anapiga hesabu ya magunia kwa bei ya siku ile. Mwaka huu bei ya bunga ilipanda katikati ya mwaka, na feza ya wazazi ilibakia ile ile. Ni hesabu ya 10 na 6, na ndani ya shule hakuna serikali ya kulipa 4. Kwa hiyo bukari ilipunguzwa, na kijiko cha maharagi vilevile. Jambo hili halikufanywa kwa uovu. Lakini Bwana Ekonome alituita, sisi wakubwa wa wanafunzi, wiki moja mbele, akatuambia tuwaeleze wenzetu. Hatukuwaeleza. Tuliogopa kelele. Kila mumoja alifikiri mwenzake atasema, na Jumatatu ilifika.

Kuna jambo lingine baya kuliko hilo. Kwa siku nne za kwanza, sahani za meza yetu hazikupunguzwa. Mupishi alituwekea kama desturi, nasi tulikula na kunyamaza. Watoto wa darasa la kwanza na la pili wanakaa mbele yetu kabisa. Wana macho. Wakati sahani zilianza kugongwa, mukubwa mumoja wetu alisimama na kupiga kelele: "Nyamazeni, hamuna nizamu!" Na mutoto mumoja alijibu: "Yaya, wewe umeshiba." Tuliandika jina lake katika kitabu cha azabu. Jina lile tumelifuta.

Juu ya kufuli la stoo hatubadilishi neno. Waliolivunja walibeba nusu gunia ya maharagi, na siku mbili zilizofuata interna yote ilikula bukari na majani ya viazi tu. Nani aliumia? Si Bwana Prefe, si Bwana Ekonome, wanaokula nyumbani kwao. Ni wadogo. Mumoja wao aliyetoka katika homa alianguka katika mustari wa asubuhi. Wenye maharagi yale wanajijua, na wengine wetu tunawajua. Tumewapa siku za kuja wenyewe kwa Bwana Prefe, na tutakwenda nao kama wanaogopa kwenda peke yao.

Bwana Prefe amekubali tukutane Jumatano, nyuma ya masomo ya mwisho, katika darasa la nne. Bwana Ekonome ataandika kwenye ubao hesabu yote: magunia mangapi, bei gani, wanafunzi wa interna wangapi, siku ngapi zinabakia mbele ya likizo. Kila darasa lichague watu wawili wa kusema, na katika hao wawili mumoja awe wa interna. Wasichana wasisahauliwe kama mara ya mwisho. Kuna mawazo matatu ambayo tumeyasikia tayari. Wengine wanataka wazazi waongeze kidogo. Wengine wanataka tulime upya shamba la nyuma ya kanisa, lile tuliloliacha kwa majani miaka miwili. Na wengine wanasema tununue bunga Kasumbalesa kwa magunia mengi mara moja, tusinunue kidogo kidogo hapa sokoni. Sisi wenyewe hatukubaliani. Mwandishi wa gazeti hili anapenda shamba, na mukubwa wa wasichana anasema shamba halitashibisha mutu mbele ya mwezi wa tatu. Ana haki.

Meza yetu inapimwa sasa kwa kijiko kile kile, na kila darasa linaweza kutuma mutu aje kuangalia.

Wale wenye wazazi wanaofanya biashara ya mupakani tunawaomba watuletee bei ya wiki hii ya gunia la kilo 25, brekfasti na rola, pamoja na bei ya usafiri mupaka hapa. Muandike kwenye karatasi na kuitia katika sanduku la gazeti, mbele ya Jumanne saa sita.